Jirani Aliye Nyuma ya Migomba

Msafiri apandaye kutoka mji wa Moshi kwenda Kibosho huona migomba kabla hajaona nyumba. Kushoto migomba, kulia migomba, na kati yake mikahawa na ua wa masale. Nyumba zimejificha ndani, kila moja katika kihamba chake. Hii ni baraka ya nchi yetu, maana pana kivuli, pana chakula, na kila mtu yu kwake. Lakini baraka hii ina jambo moja la kuangaliwa sana. Mtu aweza kuugua siku mbili karibu kabisa na njia, na wapitao njiani wasijue.

Basi leo napenda, wapenzi wasomaji, tutazame habari za Kibosho tangu zamani za wazee wetu hata siku hizi, tupate kujua jinsi watu walivyojuana hali zao, na Injili ilipokuja ilileta nini kipya katika jambo hili. Wengi hudhani kwamba kumhurumia jirani ni kazi ya mikono tu: kutoa, kubeba na kulisha. Lakini jicho hutangulia mkono. Asiyemwona mwenye shida hawezi kumsaidia, hata akiwa na ghala iliyojaa.

Wazee wetu hawakuwa vipofu. Nchi ya Kibosho i kati ya mto Weruweru, upande wa Machame, na mto Karanga, upande wa Uru. Mito ya mlimani hupita ndani ya mabonde marefu, na maji yake hayapandi yenyewe kwenda mashambani. Ndipo wazee walipochimba mifongo. Waliyashika maji huko juu, wakayashusha polepole kandokando ya mlima, bila chombo cha kupimia ila macho yao, hata yakafika kwenye vihamba na mashamba ya ulezi. Kila mfongo ulikuwa na watu wake na mzee wake. Maji yaligawanywa kwa zamu, na mvua ilipoubomoa mfongo watu wote waliitwa kazini. Asiyefika alijulikana palepale, akatozwa faini, au akanyimwa maji mpaka amelipa.

Kadhalika katika kugawa nyama. Mnyama alipochinjwa, kila mtu alikuwa na fungu lake kwa desturi: baba na mama, mjomba, shangazi, kaka na wake. Kumsahau mwenye fungu lilikuwa kosa la kutengeneza ugomvi. Mwanamke aliyejifungua alikaa ndani kama miezi mitatu, akalishwa mtori na mlaso na mafuta, wala hakupewa kazi nzito. Naye aliyemkosea mwenziwe alishika jani la isale, akaenda nalo kuomba msamaha. Na aliyeletewa isale aliona haya kumfukuza.

Hizi ni desturi njema, nasi tusizidharau. Hata hivyo tukizitazama vema twaona kwamba zilipungukiwa na mambo mawili. Kwanza, jicho la mfongo lilikuwa jicho la deni. Lilimwona asiyekuja kazini, na swali lake lilikuwa moja: Kwa nini hakuja, naye anywa maji yetu? Pili, jicho hilo liliishia mpakani. Mtu wa mfongo wangu na wa ukoo wangu alikuwa na fungu. Mtu wa ng'ambo ya bonde hakuwa nalo.

Jambo hili la pili laonekana wazi katika habari za Mangi Sina. Katika miaka ya 1880 hapakuwa na mangi wengi mlimani wenye nguvu kama yeye. Alijenga boma la mawe lenye kuta nene, na askari wake walipiga vita upande wa mashariki na upande wa magharibi, wakateka ng'ombe na watu. Adui yake mkubwa alikuwa Rindi, Mangi wa Moshi. Kila upande ulikuwa na mashujaa wake na nyimbo zake, na kila upande ulikuwa na wajane. Lakini kilio cha mjane wa Moshi hakikuwa habari ya kuhuzunisha Kibosho, wala cha mjane wa Kibosho hakikuwahuzunisha watu wa Moshi. Tena katika miaka ya 1890 na 1891 ugonjwa wa sotoka uliua ng'ombe katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Na mwezi wa Februari 1891 Wadachi wakiongozwa na Hermann von Wissmann, wakisaidiwa na watu wa Moshi, walilishambulia boma la Sina wakalitwaa. Sina akabaki mangi, lakini chini ya bendera ya wageni. Zile kuta hazikumfaa kitu.

Mwaka huo wa 1891 Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza misioni ya Kilema, na mwaka 1893 wakafungua misioni ya Kibosho, wakati Sina angali hai. Mwaka huo huo wa 1893 Walutheri wa Leipzig walianza kazi yao Machame. Hivyo Injili ilisikiwa pande zote mbili za Weruweru kwa wakati mmoja, na watu waliokuwa wakipigana jana wakaanza kusikia habari zile zile.

Katika habari hizo kuna ile ya mtu aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko, akaangukia mikononi mwa wanyang'anyi. Kwa Mkibosho wa siku zile, mfano huu haukuwa mgeni hata kidogo. Ilikuwa kama kumwambia kwamba mtu wa Kibosho amelala amejeruhiwa bondeni Weruweru. Ndugu zake wawili wamempita, na aliyemwinua na kumfunga vidonda ni mtu wa Machame. Maneno hayo yalikuwa mazito kuyasikia. Na tuangalie jambo hili: wale wawili waliompita hawakuwa vipofu. Injili yasema kwamba nao walimwona. Waliona, wakahamia upande wa pili wa njia. Basi kuona kuko kwa namna mbili: kuna kuona kunakosogeza miguu karibu, na kuna kuona kunakoipeleka mbali.

Hata Kanisa lenyewe, katika siku zake za kwanza huko Yerusalemu, lilipata shida kwa ajili ya jambo hili. Katika Matendo ya Mitume twasoma kwamba wajane wa Wakristo wenye kusema Kiyunani walisahauliwa katika kugawa chakula cha kila siku, yakatokea manung'uniko. Mitume hawakuwaambia wajane wale wanyamaze na kuvumilia. Walitaka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, ili kazi hiyo iwe na wenyewe. Kwa hiyo kumtafuta aliyesahauliwa ni kazi ya Kanisa tangu mwanzo, nayo ina watu waliowekewa mikono kwa ajili yake.

Habari za mlima wetu hazikuwa za amani tu baada ya misioni kuja. Sina alikufa mwaka 1897, akafuatwa na mwanawe Molelia. Tarehe 2 Machi 1900 Wadachi waliwanyonga watu 19 huko Old Moshi, kwa shauri la uasi. Kati yao walikuwamo Meli, Mangi wa Moshi, mwana wa Rindi. Na Ngalami wa Siha. Na Molelia wetu wa Kibosho. Wana wa Rindi na Sina, waliochukiana maisha yao yote, walikufa siku moja na mahali pamoja. Siku ile wanawake wa Moshi na wanawake wa Kibosho walikuwa na msiba mmoja. Ni jambo la kusikitisha kwamba watu wengi huanza kumwona jirani yao hapo tu msiba mmoja unapowaangukia wote.

Sasa tuulize, misioni ilifanya nini kila siku, mbali na kuhubiri Jumapili? Mapadri walikuwa wachache, na vihamba vilikuwa vingi. Padri peke yake hangeweza kujua ni nani mgonjwa nyuma ya kila mgomba. Kazi hiyo ilikuwa ya walimu wa dini, yaani makatekista, watu weusi wenzetu, waliokaa vijijini pamoja na watu. Mwalimu wa dini alifundisha watoto sala na kusoma, lakini pia ilimpasa kujua hali ya nyumba za eneo lake: nani yu kitandani, nani yu karibu kufa, ili amwite Padri au ambatize mwenyewe hatarini. Kwa hiyo alizunguka kwa miguu, akapiga hodi. Majina ya wengi wao hayakuandikwa kitabuni, na sanamu zao hazikuchongwa. Lakini Kanisa la mlimani lilikua kwa miguu yao.

Shirika lile lililotuletea Injili Kibosho lilizaliwa Ufaransa, katika mji wa Paris, mwaka 1703. Katika nchi hiyo hiyo ya Ufaransa ilitokea zamani habari moja inayofaa sana kusimuliwa hapa. Mwaka 1617 Padri Vincent de Paul, ambaye leo ni Mtakatifu Visenti wa Paulo, alikuwa paroko wa kijiji cha Châtillon. Siku moja ya Jumapili, alipokuwa akijitayarisha kwa Misa, aliambiwa kwamba nje kidogo ya kijiji iko nyumba ambayo watu wote ni wagonjwa, wala hakuna aliyebaki mzima wa kuwapa maji. Akawaeleza watu katika mahubiri. Mchana alipokwenda kuitazama nyumba ile, alikuta njia imejaa wanawake, wengine wakienda na wengine wakirudi, wamechukua mikate na nyama.

Msomaji atadhani kwamba Padri alifurahi akarudi nyumbani kwake. Alifurahi kweli, lakini alifikiri mbele. Aliona kwamba chakula kile chote hakiwezi kuliwa siku moja. Kingine kitaoza, na kesho au keshokutwa wagonjwa watalala na njaa tena, kwa kuwa kila mtu atasema, Mimi nilikwisha peleka. Huruma ilikuwa nyingi, ila haikuwa na utaratibu. Basi akawakusanya wanawake wale, akawapangia zamu: leo huyu apike na kupeleka, kesho yule. Ndivyo kilivyoanza chama chake cha kwanza cha Mapendo.

Je, hii siyo zamu ya mfongo? Wazee wetu walijua kwamba maji yakifunguliwa yote siku moja, shamba moja litafurika na la pili litakauka. Huruma nayo ni hivyo hivyo. Siku ya mazishi twajaa nyumbani mwa mfiwa hata hakuna pa kukaa, vyakula vinabaki. Baada ya wiki tatu mjane huyo hupika peke yake na kula peke yake. Mtakatifu Visenti na wazee wa mfongo wangepatana upesi katika shauri hili.

Nao ndugu zetu Walutheri walilifikiri jambo hili kwa njia yao. Mchungaji Bruno Gutmann alifanya kazi Old Moshi tangu mwaka 1910 hata 1938, ingawa alikatizwa miaka kadhaa baada ya vita kuu ya kwanza. Aliandika vitabu vingi juu ya sheria na mafundisho ya Wachagga. Alisadiki kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo alivyovitoa Mungu mwenyewe, wala visikatwe bali vitakaswe. Kwa hiyo aliwapanga Wakristo kwa ujirani wao, kila ujirani na wazee wake, na vijana akawafunga katika vikundi vidogo ili kila mmoja amwangalie mwenziwe. Wako waliosema kwamba alizipenda mno desturi za kale. Lakini nadhani hakukosea katika hili, kwamba Ukristo usiojua nyumba ya pili utakauka kama mgomba usio na maji.

Baadaye dunia ilibadilika upesi. Kahawa ilileta fedha. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao cha KNPA, na mwaka 1933 ukafuata ushirika wa KNCU. Kwa fedha za kahawa watoto walisoma, na mabati yakachukua mahali pa nyasi. Mwaka 1931 lilianzishwa Shirika la Masista wa Bibi Yetu wa Kilimanjaro, katika siku za Askofu Henry Gogarty, na binti za mlima huu wakaingia kuwahudumia wagonjwa, yatima na watoto wa shule. Ni neema kubwa. Lakini neema hii nayo ilileta kishawishi: wengine walianza kusema moyoni, Wagonjwa wana Masista, maskini wana Padri, mimi nina shamba langu.

Labda ndiyo sababu maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wao wa AMECEA wa mwaka 1976, waliweka mkazo juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Msomaji aijua jumuiya yake: nyumba chache za jirani, zikutanazo kila juma kwa sala na Neno la Mungu, leo kwa huyu na juma lijalo kwa yule. Wengine huiona kuwa ni sala tu za kuongeza. Mimi naona kwamba faida yake moja kubwa i katika neno hilo la kuhama nyumba kwa nyumba. Maana jumuiya inapokuja kwako, watu hupita ng'ambo ya migomba, huingia, huona. Wanaona kama paa lavuja, kama mtoto ana kikohozi, kama bibi amekonda. Ugonjwa wa UKIMWI, uliojulikana katika nchi yetu kwanza huko Kagera mwaka 1983, ulipofika sehemu zote na kuacha yatima mikononi mwa bibi zao, wengi waliogopa hata kuingia nyumba za wagonjwa. Hapo ilionekana ni nani amekuja kwa sala za mdomo, na ni nani amekuja kuosha mgonjwa.

Sasa tutazame siku zetu. Vijana wengi wa Kibosho wako Moshi, Arusha na Dar es Salaam. Mwezi wa Desemba hurudi, barabara hujaa magari, migomba husikia vicheko. Januari huondoka, na katika vihamba vingi hubaki mzee mmoja au wawili. Watoto hupeleka fedha kwa simu, nao wafanya vema. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Fedha ya simu haiwezi kumwinua mama aliyeanguka penye jiko. Zamani jirani alitazama asubuhi, akaona moshi ukipenya paa la nyasi, akajua kwamba wenziwe wameamka salama. Leo wengi tumejenga kuta za matofali na malango ya chuma. Tukumbuke yule tajiri wa Injili na Lazaro. Haikuandikwa kwamba tajiri alimpiga Lazaro au alimfukuza. Lazaro alilala langoni pake, naye tajiri akala na kunywa ndani. Na tukumbuke kuta za Sina.

Tufanyeje basi? Sitaki kuwatwika watu mizigo mizito. Nitasema mambo matatu tu, madogo, ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Kwanza, kila mtu azijue nyumba tatu au nne zilizo karibu naye, na kila siku azitupie jicho: mlango umefunguliwa? Ng'ombe amepewa majani? Taa imewashwa? Asiyeonekana kisimani, dukani au kanisani aulizwe siku ile ile, si baada ya juma zima.

Pili, tugeuze swali. Sisi walimu huita majina kila asubuhi, na asiyekuwapo hutiwa alama katika rejista. Alama ile yaweza kuzaa maswali mawili. La kwanza ni, Kwa nini mtoto huyu ni mtoro? La pili ni, Mtoto huyu amepatwa na nini? Swali la kwanza huishia kwenye fimbo. La pili mara nyingi hutupeleka kwenye nyumba ambayo mama ni mgonjwa, na mtoto amebaki kuchota maji na kumlea mdogo wake. Vivyo hivyo asiyetoa mchango wa jumuiya, asiyekuja kwenye kazi ya barabara, aliyeacha kwenda kanisani. Wazee walikuwa na jicho la deni. Bwana wetu atutaka tulishike jicho lile lile, ila tubadili swali lake.

Tatu, tuweke zamu. Jumuiya yenye mgonjwa au mjane ipange siku: Jumatatu nyumba hii, Jumanne nyumba ile. Kidogo cha kila siku ni bora kuliko kingi cha siku moja.

Mtu mmoja atasema, Hii si njia ya kuingilia mambo ya watu? Ni kweli, liko jicho baya litafutalo aibu ya jirani, na Kibosho halijakosekana. Lakini ni rahisi kuyatenganisha. Jicho la umbea likiona shida huipeleka kwa watu wengine. Jicho la huruma likiona shida humwendea mwenyewe, likapiga hodi, likanyamaza. Anayejua siri ya jirani yake na kuifunika huku akimsaidia ni rafiki wa kweli.

Wazee wetu walituachia mifongo, na mingine yapitisha maji mpaka leo. Hakuna aliyeichimba peke yake, wala hakuna awezaye kuitunza peke yake. Na kazi hii ya kuangaliana ni vivyo hivyo. Leo jioni, msomaji, ukiisha kuufunga ukurasa huu, tazama ng'ambo ya migomba yako. Kama hujui hali ya aliye huko, bado hujachelewa kupiga hodi.